Waliponiuliza Kuhusu Kaka Yangu

Fomu ya kuomba bastola nilimjazia kaka yangu mimi mwenyewe, kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Garissa. Yeye husoma Kiswahili kwa shida na Kiingereza hakitaki kabisa, nami ni mwalimu, kwa hiyo makaratasi yote ya ukoo wetu hupitia kwangu: vyeti vya kuzaliwa, pasipoti za hija, leseni za biashara. Aliketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki akawa ananitajia majibu kwa Kisomali, nami nayageuza na kuyaandika.

Jina. Umri. Makao, Galbet. Kazi, mfanyabiashara wa mifugo. Kisha tukafika mahali panapoulizwa sababu ya kutaka silaha.

"Andika barabara ya Masalani," akasema.

Huo haukuwa uongo. Miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa akirudi kutoka Masalani, alikokwenda kutafuta mbuzi, wanaume watatu wakatokea vichakani na bunduki. Walivunja kioo cha gari, wakamlaza kifudifudi juu ya mchanga wa moto, wakachukua kila alichokuwa nacho. Alirudi nyumbani na kokoto zimemchora shavuni. Kila mtu Galbet aliijua habari hiyo. Nikaiandika yote kwa mpangilio, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali.

Lakini nilipotuma ile fomu nilijua kwamba barabara ya Masalani haikuwa sababu pekee. Nilimwambia mwenye saiba atuchapishie nakala, tukatoka juani.

Ili nieleweke, lazima niseme kaka yangu alikuwa nani kwangu. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka aliacha shule mwaka huohuo ili mimi niendelee. Alianza kwa kuwaswaga mbuzi wa watu wengine kwenda sokoni, kwa miguu, na alipopata wake wa kwanza aliwauza ninunue sare. Nilipokwenda chuo cha ualimu alinisindikiza mpaka mlangoni pa bweni, akamhoji matroni kama polisi. Hajawahi kuniinulia mkono. Hajawahi hata kunipandishia sauti. Yeye huniita abaayo, yaani dada; nami nikimwita aboowe, yaani kaka mkubwa, sitaji undugu tu. Ndiye baba niliyempata.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa binti wa miaka kumi na moja, mwanafunzi wa shule ninayofundisha. Asubuhi moja lori la maji lilikuwa likirudi nyuma kwenye njia ya mchanga nje ya lango la shule. Dereva hakumwona. Mimi nilikuwa darasani nafundisha ngeli, chaki mkononi, nikasikia wanawake wanaouza maandazi nje wakipiga kelele. Nilitoka nikikimbia kama walimu wengine, bila kujua nakimbilia mtoto wetu.

Ukoo wa dereva na ukoo wetu walikaa kikao siku tatu. Dia, yaani fidia ya damu, ikakubaliwa, ikatolewa, fatiha ikasomwa. Kaka yangu alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akampa dereva mkono. "Ni kadari ya Mungu," akasema. "Yamekwisha."

Tangu hapo jambo hilo halikutajwa. Kulitaja kungekuwa kuwavunjia wazee heshima. Yeye mwenyewe alirudi sokoni baada ya arubaini, akanunua, akauza, akatania watu. Ila mimi niliona kitu kimoja. Tukiwa tumeketi kwake tunazungumza, likipita gari zito barabarani, alinyamaza katikati ya neno. Lilipokwisha kupita na ngurumo yake kupotea, alimalizia neno lilelile kana kwamba hakuna kilichomkatiza. Alifanya hivyo mwaka mzima.

Hakuna aliyetuambia tungengoja bastola muda gani. Kwanza kilihitajika cheti cha polisi kwamba hana kosa lolote. Akaenda akachukuliwa alama za vidole, akarudi na wino kwenye kucha, ananionyesha mikono kama mtoto aliyepaka hina. Baadaye wakataka barua ya daktari kwamba mwili wake mzima na akili yake timamu. Baadaye wakataka kuona mahali atakapoihifadhi. Kila hatua ilikuwa na majuma yake ya kukaa kimya, na kila nilipodhani faili limepotea, simu ililia.

Kaka yangu ni mtu asiyeweza kungoja chai ipoe. Amewahi kuacha nauli yake kwenye basi la Nairobi kwa sababu liliondoka dakika kumi baadaye kuliko saa waliyosema. Lakini kwenye jambo hili hakulalamika hata mara moja. Aliambiwa rudi wiki ijayo, akarudi wiki ijayo. Aliambiwa afisa hayupo, akaketi kwenye benchi mpaka afisa akafika. Wengine walimsifu kwa subira. Mimi subira hiyo ndiyo ilinitia hofu, kwa kuwa sikuwahi kuiona kwake.

"Leo daktari ameniuliza kama nalala vizuri," alituambia siku aliyotoka hospitali. Tulikuwa kwake, mimi na mkewe, baada ya chakula cha mchana. "Nikamwambia nalala kama mtoto mchanga. Akaniuliza kama nina huzuni. Nikamwambia, daktari, bei ya mbuzi ikishuka nahuzunika sana." Akacheka.

Wifi yangu alikuwa akimimina chai. Mkono ulimsimama hewani, birika limeinama, chai haitoki. Kisha akaendelea. Jikoni nilimuuliza, "Kweli analala?"

"Anajilaza," akasema.

Wiki iliyofuata fundi alikuja na sefu ya chuma, kisanduku kizito cha kijivu chenye funguo mbili, maana sheria inataka silaha ifungiwe. Nilikuta ameshatoboa ukuta na kuikaza kwa bolti. Vumbi la simenti lilikuwa limejaa sakafuni. Aliikaza kwenye chumba cha marehemu mtoto, juu ya mahali palipokuwa na meza yake ya kuandikia. Meza ilikuwa imetolewa nje, imeegemezwa ukutani juani.

"Kwa nini huku, aboowe?" nikamuuliza.

"Chumba hiki hakina mtu," akasema. Akafungua sefu, akaifunga, akaifungua tena. Ndani mlikuwa mtupu.

Mimi nilirudi nyumbani kwangu nikajiambia kwamba mwanamume aliyelazwa kifudifudi barabarani ana haki ya kuogopa. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Siku moja alasiri nilikuwa nimepanda bodaboda nikipita upande wa mto, mahali malori ya maji yanapojazia. Pale hakuna kivuli. Malori husimama kwa foleni, injini zinanguruma, maji yanamwagika na kukauka kabla hayajafika mbali. Ng'ambo ya barabara niliona gari la kaka yangu limeegeshwa, vioo vimepandishwa, injini imezimwa. Katika joto la Garissa, saa tisa mchana, mtu hakai kwenye gari lililofungwa vioo. Nilimwambia mwenye bodaboda asimame.

Nilipogonga kioo alikishusha taratibu. Shati lake lilikuwa limelowa kifua kizima.

"Unafanya nini hapa?"

"Namngoja mtu wa mbuzi."

"Hapa?"

"Atapita hapa."

Nilitazama alikokuwa akitazama. Yule dereva alikuwa wa tatu kwenye foleni, amekunja suruali, anaosha magurudumu ya lori lake kwa mpira wa maji. Ni mtu mwembamba, mdogo kuliko kaka yangu, mwenye desturi ya kufunga kitambaa kichwani dhidi ya jua. Hakutuona.

"Alhamisi huwa anakwenda njia ya Hagadera," kaka yangu akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia ratiba ya mabasi. "Hurudi peke yake. Turnboi, msaidizi wake wa lori, hushuka njiani kwa wazazi wake."

"Aboowe, twende nyumbani."

"Nenda wewe, abaayo. Jua kali."

Nilikwenda. Hilo nalikiri. Nilipanda bodaboda nikaenda.

Afisa wa polisi alinijia shuleni wiki mbili baadaye. Alikuwa mtu wa bara, kijana mpole, amevaa nguo za kiraia, faili jembamba kwapani. Naibu wa mwalimu mkuu alitupisha ofisini mwake. Afisa alinieleza kwamba kaka yangu ameomba kibali cha kumiliki bastola, na kwamba kazi yake ni kuwauliza watu wanaomjua. Kila jibu langu angeliandika, mwishoni ningetia saini.

Akaniuliza kama kaka yangu anakunywa pombe. La. Kama anatafuna miraa. Siku za soko, kama wote. Kama amewahi kumpiga mkewe. Hapana, kamwe. Kama anazo hasira za ghafla. Nikajibu kwamba hana hasira za ghafla, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Mwalimu, je, ana ugomvi na mtu yeyote?"

Dirishani nililiona lango la shule. Wale wanawake wa maandazi walikuwa wameketi palepale.

"Hana," nikasema.

"Nimesikia kulikuwa na ajali. Mtoto wake."

"Ndiyo. Wazee walilimaliza jambo hilo. Walipeana mikono."

"Ndivyo walivyoniambia wote," afisa akasema akiandika. "Imamu, chifu, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Hata mzee wa upande wa yule dereva nimemuuliza. Kaka yako anapendwa, Mwalimu. Mara nyingi nikiuliza watu watano napata hadithi tano."

Alinigeuzia karatasi nikatia saini. Nilirudi darasani nikafundisha mpaka kengele.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kaka yangu aliitwa Nairobi kwa mahojiano. Alinyoa, akavaa koti alilooa nalo, akaenda na kurudi kwa siku tatu. Aliporudi aliniletea viatu. Walimuuliza machache, akasema, na walikuwa na heshima. Kilichobaki ni jibu.

"Wakishanipa," aliniambia, "nitafundishwa kulenga shabaha. Ni lazima ujifunze kabla ya kuibeba." Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa mchangamfu. Wifi alimtazama kama mtu anayetazama mto unapojaa.

Ndipo dereva aliponijia.

Nilitoka shuleni mchana nikamwona amesimama ng'ambo ya njia, mbali na lango. Hakuwa amekanyaga hapo tangu asubuhi ile. Alikuwa ameshika funguo za lori, anazigeuzageuza vidoleni. Nilitaka kupita, akaniita.

"Mwalimu, nisamehe. Kaka yako ananisalimia."

"Kusalimiana ni jambo jema," nikasema. Nilitumia sauti ya darasani.

"Ananisalimia kila siku, Mwalimu. Mwaka mzima akiniona alikuwa anageuza uso, na mimi nilielewa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Sasa ananifuata nilipo. Msikitini, kwenye maji, hotelini ninapokula. Ananipa mkono, anaushika muda mrefu. Ananiuliza leo napeleka maji wapi. Nitarudi saa ngapi. Kama nitakuwa na mtu. Halafu anasema safari njema."

"Umewaambia wazee?"

"Nimewaambia. Wamefurahi. Wamesema nimshukuru Mungu, moyo wake umelainika." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, wewe ni wa damu yake. Moyo wake umelainika?"

Nilimwambia aende nyumbani, na kwamba siku ya Alhamisi, akiweza, asiende njia ya Hagadera. Uso wake ulibadilika rangi. Hakuwa ameniambia mimi siku wala njia.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa shuleni nikaenda kumtafuta yule afisa. Nilikaa kwenye benchi lilelile ambalo kaka yangu aliketi. Aliponiona alitabasamu, akidhani nimeleta karatasi nyingine.

"Nimekuja kubadilisha nilichosema," nikamwambia.

Alifunga mlango. Akalitoa faili, akaipata saini yangu, akaiweka mbele yangu. "Unajua kutoa taarifa ya uongo ni kosa?"

"Najua."

"Amesema atamdhuru mtu?"

"Hajasema."

"Ametishia? Umesikia?"

"Hajatishia mtu. Anamsalimia."

Afisa aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifukuza. Nikamweleza yote kwa utaratibu, kama ninavyowataka wanafunzi wangu waeleze: magari mazito na neno linalokatika, chumba ilimowekwa sefu, vioo vilivyopandishwa saa tisa mchana, Alhamisi, turnboi anayeshuka njiani, mkono unaoshikwa muda mrefu. Nilipoyataja moja moja yalionekana madogo sana. Hakuna hata moja ambalo lingemfunga mtu. Aliandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaandika tena.

"Wewe ndiye wa kwanza," akasema alipomaliza. "Atajua ni wewe?"

"Atajua."

"Tia saini hapa."

Ile saini ya pili haifanani na zangu nyingine.

Jibu lilikuja kwenye simu yake majuma kadhaa baadaye. Kwa kuwa lilikuwa la Kiingereza aliniletea mimi nimsomee, kama alivyoniletea kila karatasi tangu nijue kusoma. Alifika kwangu baada ya sala ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akanipa simu akiwa bado amesimama.

"Nisomee."

Nikamsomea. Ombi lake halikukubaliwa.

"Wanasema kwa nini?"

"Hawajasema."

"Hawajasema," akarudia. "Soma tena."

Nikasoma tena kwa Kiingereza, kisha kwa Kisomali, polepole. Kulikuwa na mistari miwili tu. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Ningependelea hasira.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Alichukua simu yake, akaipangusa kioo kwa upindo wa shati kana kwamba nimeichafua, akavaa viatu na kuondoka. Hakufunga mlango.

Mwezi wa Ramadhani ulipita hatujazungumza. Idi ikapita. Mkewe alileta nyama, watoto wadogo wakaja kunibusu mkono, yeye hakuja. Nilistahimili hilo. Nisichoweza kustahimili kilikuwa wazo jingine. Watu wote wa huku kwetu wanajua kwamba asiyetaka kujaza fomu hahitaji kujaza. Mpaka uko karibu, na mchanga hauna mlango. Wale watatu wa barabara ya Masalani hakuna daktari aliyewauliza kama wanalala. Kaka yangu anajuana na wafugaji toka Wajir mpaka Ijara. Angeagiza kitu Jumatatu akakipata kabla ya Ijumaa, kimefungwa ndani ya gunia la chumvi, na nisingejua mpaka siku ambayo kila mtu angejua. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja tu, ule wenye bawabu.

Nilimwomba wifi, aliyekuwa na ufunguo wa pili, atazame sefu. Akaniambia iko tupu. Nikamwomba atazame tena wiki iliyofuata. Ilikuwa tupu. Tukawa na desturi: kila asubuhi alinipigia simu, na badala ya salamu alisema, "Haina kitu."

Dereva alihama. Mwenye lori hakumfukuza. Mkewe ndiye aliyekataa kuendelea kuishi Garissa, wakaenda Masalani kwa watu wake, akapata kazi ya kuendesha gari la mwenye shamba kando ya mto Tana. Niliposikia nilipumua, halafu nikakumbuka ni nani anayekwenda Masalani kununua mbuzi.

Alikwenda siku ya Jumanne. Wifi alinipigia kabla ya kengele ya kwanza.

"Ameondoka kwenda Masalani. Hakuchukua mtu. Kila mara huchukua mtu."

"Na sefu?"

"Haina kitu. Lakini haijawahi kuwa na kitu."

Nilitoka darasani. Nilikuwa na nambari ya dereva tangu siku ile alipokuja shuleni. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Saa tano, saa sita. Baada ya adhuhuri ndipo alipopokea.

"Sikiliza," nikamwambia. "Kaka yangu yuko njiani kuja huko. Ondoka nyumbani."

Kuku alikuwa akilia mahali fulani nyuma yake.

"Amefika, Mwalimu," dereva akasema kwa sauti ndogo. "Ameketi mbele yangu."

Nikasikia simu ikipokezanwa. Kisha sauti ya kaka yangu, ya kwanza kwangu baada ya miezi yote ile.

"Abaayo. Tulia." Akakata.

Niliketi kwenye ngazi za darasa. Watoto walinipita wakienda na kurudi msalani, wakishusha sauti. Mwenzangu mmoja aliniletea maji, nikayashika bila kunywa. Kumpigia simu afisa, nimwambie nini? Kwamba mtu ameketi? Masalani ni mbali, na barabara ile unaijua. Nilisali. Nilifika mahali katika sala nikagundua sijui namwombea nani.

Dereva alinipigia jua likiwa bado juu kidogo. Alikuwa analia, na kwa muda sikumwelewa.

Kaka yangu alikuwa amefika mikono mitupu, akaketi kwenye mkeka uani bila kungoja kukaribishwa. Akakataa chai. Akamwambia, "Niambie asubuhi ile. Anzia ulipowasha lori." Kwenye kikao cha wazee waliozungumza walikuwa mjomba wa dereva na msemaji wetu, na hao wawili hawakuwapo langoni siku ya ajali. Basi dereva akamweleza: alilala wapi, aliamka saa ngapi, kioo cha kushoto kilikuwa na ufa, jua lilikuwa machoni. Aliposhuka na kuzunguka nyuma aliona nini. Kaka yangu alimkatiza mara nyingi. Ulishuka mlango gani? Ulimwinua au hukumwinua? Alimrudisha nyuma, akamwelezesha tena. Mke wa dereva alikuwa amesimama mlangoni na watoto wake wamejificha nyuma ya shuka lake, muda wote huo, hakuketi.

"Mwisho akaniuliza kama mtoto alisema neno lolote," dereva akasema. "Nikamwambia."

"Alisema nini?"

"Hilo, Mwalimu, umuulize yeye."

Sijamuuliza.

Kaka yangu alikuja kwangu siku ya pili, akavua viatu, akaketi mahali pake. Nikampa chai. Aliinywa ikiwa moto, kama zamani. Tuliongea habari za mvua ambayo haijanyesha. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mara ya kwanza walipokuuliza uliwaambia nini?"

"Niliwaambia huna ugomvi na mtu."

"Na imamu alisema hivyo. Na chifu." Alizungusha kikombe. "Kila aliyeulizwa alinipigia simu. Wanacheka. 'Tumekusifu sana.' Nikikata simu mikono inanitoka jasho."

"Uliogopa watakunyima?"

"Niliogopa watanipa."

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa maziwa ya ngamia.

"Mbona hukuliondoa ombi? Lilikuwa neno moja tu. Ungeniambia ningeliandika."

Alitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Na kama wangekupa, aboowe?"

"Usiniulize hilo," akasema. "Nakuomba. Lolote lingine niulize."

Nilimwongezea chai. Hakuomba bastola tena, na dereva hajarudi Garissa. Siwezi kusema walisameheana, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuniambia neno hilo, na sasa wazee siwaulizi tena kuhusu mioyo ya watu. Kaka yangu bado huenda Masalani kila mwezi kununua mbuzi. Wifi hunipigia simu anapoondoka, na hunipigia tena anaporudi, na kati ya simu hizo mbili mimi huwapa wanafunzi wangu kazi ya kunakili, kwa sababu siwezi kufundisha.